Chupa Iliyobaki Kwenye Trei Yangu

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo na yeye ameanza leo. Daktari alimleta saa mbili kasoro robo asubuhi, akamsimamisha katikati ya chumba cha kungojea, akatangaza kwamba huyu ndiye muuguzi wetu mpya, amesomea kazi ya wanyama miaka mitatu. Mimi nimeifanya miaka kumi na mitatu, lakini hilo hakuna aliyelitaja. Ana kidoti cheusi shavuni, meno yamejipanga vizuri, kucha fupi na safi. Nilitafuta kasoro mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Mama! Nina miaka arobaini na minne. Niliitikia marahaba kwa sababu nimelelewa, nikamwonyesha pa kutundika mkoba.

Halafu Daktari akatoa habari nyingine. Mvua zikiisha, ile stoo ya mbele itakuwa chumba cha kinga. Mnyama aletwe akiwa mzima, apate chanjo, dawa ya minyoo na ya kupe, apimwe uzito, atazamwe meno, mwenye mnyama ashauriwe kuhusu kufunga uzazi. Atakayekisimamia atakuwa na meza yake na jina lake mlangoni. Nimekiomba chumba hicho miaka sita. Kadi za chanjo tunazotumia hapa nilizibuni mimi, kwa rula na kalamu, mpaka wateja wakaniita Bi Kadi. Anayewapigia simu watu kuwakumbusha tarehe ni mimi. Na Daktari alisema hayo akitutazama sote wawili. Sote wawili, kana kwamba tumeanza kazi siku moja.

Machi 6, Jumatano

Mvua. Paka watatu, mbwa wanne, sungura mmoja. Yule mpya hakuvunja kitu.

Machi 8, Ijumaa

Bosi amehama. Bosi ni paka wa hospitali, wa kijivu, sikio moja lina pengo. Nilimnyonyesha kwa bomba la sindano alipookotwa, na miaka saba amelala juu ya kadi zangu, nikimsogeza kila ninapotaka kuandika. Leo nimemkuta mapajani mwa yule binti, macho yamefumba, anakoroma. Nilimwita kwa sauti ya kawaida. Alifungua jicho moja, akalifunga. Sikumwita tena, maana mtu ana heshima yake.

Wateja wameshampa jina, Kidoti. Siku nne tu. Mimi jina langu lilikuja mwaka wa tatu.

Machi 12, Jumanne

Dereva mstaafu alileta mbwa wake mzee, yule wa kuuma. Mbwa huyo nina alama zake mbili mkononi, na ilinichukua miaka kuzoeana naye mpaka anaikubali sindano akiwa amefungwa mdomo. Kidoti aliketi sakafuni. Sakafuni, na sare nyeupe! Akamgeuzia mgongo mbwa, akaanza kumweleza dereva habari za minyoo kama vile mbwa hayupo. Baada ya muda mbwa akaja mwenyewe kuinusa shingo yake. Akamchanja hukohuko chini, bila kamba.

Dereva akacheka, akaniambia, "Umeona, Bi Kadi?" Nimeona, ndiyo. Mgongo wangu hauniruhusu kukaa sakafuni, ningefanya hivyo zamani sana.

Machi 15, Ijumaa

Mume wangu ameuliza nimeolewa na yeye au na huyo Kidoti, maana jina la Kidoti analisikia mezani kuliko lake. Nimemwambia ale.

Machi 18, Jumatatu

Ng'ambo ya daraja watoto wa mbwa wanakufa kwa parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara damu. Mvua zimeusambaza, matope yanaingia nao kila nyumba. Daktari ameamua Jumamosi tuchanje kutwa nzima, meza mbili, yangu na ya Kidoti.

Tulipokuwa tunapanga vifaa, Kidoti akaleta wazo. Nataka niliandike hapa na jibu langu, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Chanjo hii huja katika chupa mbili ndogo. Moja ina dawa kavu, imeganda chini kama kipande cha chaki. Nyingine ina maji matupu ya kuyeyushia. Unavuta maji kwa sindano, unayaingiza kwenye dawa, unatikisa, unavuta tena, ndipo unachoma. Ukimaliza unabandua stika ya chupa ya dawa na kuibandika kwenye kadi ya mnyama. Stika mwisho. Sheria hiyo niliitunga mimi, na Daktari aliiandika ukutani. Kidoti akasema siku ya foleni tungeweza kuvuta maji mapema kwenye sindano na kubandika stika kabla, ili watu wasisimame sana.

Nikamjibu mbele ya wateja wawili na Daktari mwenyewe. "Hapa hatubahatishi, binti." Akasema, "Sawa mama, samahani." Usiku huu nitalala vizuri.

Machi 21, Alhamisi

Mvua kutwa. Mwanamke wa duka la vitabu amepiga simu kuulizia tarehe ya paka wake, nikampa, akauliza, "Na yule dada mwenye kidoti atakuwepo?"

Machi 23, Jumamosi

Siku ndefu, naanza mwanzo.

Tulifungua saa mbili. Kufika saa tatu foleni ya Kidoti ilikuwa imetoka mlangoni, watu wamesimama na miavuli, na yangu ina watu watatu. Wawili kati ya hao walikuwa hawajaiona ile ya Kidoti. Mwanamke mmoja alikuwa wa kwanza kwangu, kikapu cha paka kiko tayari mezani, akamwona Kidoti, akakibeba kikapu akaenda kusimama nyuma ya watu tisa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ndipo nikaamua kwamba kama siwezi kupendwa nitakuwa mwepesi. Kidoti alipokwenda kunawa, nilivuta maji kwenye sindano kumi nikazilaza chini ya taulo, nikabandua stika kumi nikazibandika kwenye kadi kumi. Ndiyo, wazo lake lilelile. Nilifunika vizuri asione. Basi foleni yangu ikaanza kukimbia. Watu wakaona kwa Bi Kadi mambo yanakwenda, wakaanza kuhamia. Kidoti akabaki na sheria yangu ukutani, chupa baada ya chupa, stika mwisho. Sindano zikiisha nazijaza kumi nyingine. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu mwezi uanze.

Karibu na adhuhuri akaja fundi cherehani, yule mzee wa kibanda cha kona aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Alimbeba mtoto wake wa mbwa katika kikapu cha vipande vya vitambaa. Wiki tisa, mweusi, jina lake Kifungo. Chanjo yake ya kwanza. Wakati huo meza ya Kidoti ilikuwa imebaki wazi, akamkaribisha kwa mkono. Fundi akatikisa kichwa, akasema ahsante mwanangu, mimi namngoja Bi Kadi.

Nilisikia vizuri kabisa. Sikuwa na hakika kama Kidoti amesikia. Nilikuwa nimeshaishika sindano.

"Umesemaje, fundi?" nikamuuliza.

Akacheka, akapaza sauti. "Nimesema nakungoja wewe. Hata foleni ingefika barabarani."

Nilimchoma Kifungo huku nikimtazama Kidoti. Alikuwa ameinamia kadi, anatabasamu tu, hana habari. Kifungo hakulia hata kidogo.

Tulimaliza saa kumi. Mimi thelathini na mmoja, Kidoti ishirini na saba. Daktari akanipongeza kwa kunishika bega.

Baadaye. Nilikuwa nasafisha meza yangu, wengine wako nyuma wanafua mataulo. Nilipoinua taulo la trei nikakuta chupa moja. Dawa kavu iko chini, haijatobolewa kifuniko. Haina stika.

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Stika yake iko kwenye kadi ya mtu, na mnyama wa mtu huyo amechomwa maji. Nilijaribu kukumbuka wote thelathini na mmoja, na kila nilipoanza upya nilisimama palepale, kwenye sauti ya fundi akirudia maneno niliyomwomba ayarudie.

Nimeitia chupa mfukoni. Sasa iko nyumbani, kwenye kopo la vifungo na nyuzi.

Machi 24, Jumapili

Nimefikiri. Kifungo atarudi Aprili 13 kwa dozi ya pili, nami nitahakikisha anaipata. Siku ishirini tu. Nikimwita kabla, ataniuliza kwa nini, na Daktari ataniuliza kwa nini, na Kidoti atajua kwa nini. Fundi ni mtu wa kukaa ndani na cherehani yake. Mbwa atakwenda wapi?

Machi 25, Jumatatu

Daktari huhesabu chupa tupu kabla ya kuzichoma moto. Chupa za maji hamsini na nane, za dawa hamsini na saba. Akatuita chumbani kwake, akafunga mlango. Hakukasirika. Aliuliza tu nani anakumbuka lolote.

Nilitazama kalenda ukutani. Nilijua akiuliza mara moja zaidi nitasema. Ndipo Kidoti akasema, "Inawezekana ni mimi, Daktari. Kuna wakati watoto wa mama mmoja walikuwa wananivuta, nikachanganyikiwa. Sina hakika, lakini siwezi kuapa si mimi."

Daktari akanigeukia. Nikasema mimi ninafuata sheria ya ukutani. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno.

Amemwagiza Kidoti awaite wote ishirini na saba, warudie.

Machi 28, Alhamisi

Watu hawawezi kuja na mvua hii, kwa hiyo anawafuata majumbani na sanduku la barafu begani. Anarudi na matope mpaka magotini.

Ningetarajia watu wamchukie. Hapana! Mwanamke wa duka la vitabu amepiga simu kumsifu kwa Daktari, kwamba hajapata kuona mtu wa hospitali anayekuja mlangoni kukiri huenda amekosea. Dereva mstaafu amempa koti lake la mvua. Ameadhibiwa, na adhabu yenyewe inampendezesha. Nilimwonea wivu hata hilo, na kosa lenyewe ni langu. Nimeliandika ili nilitazame.

Machi 30, Jumamosi

Nyumba ishirini. Zimebaki saba. Bosi anamngoja dirishani.

Aprili 3, Jumatano

Daktari aliniita peke yangu. Amesema yule binti ana mkono mzuri lakini chumba cha kinga kinataka mtu wa kutegemewa kwa mambo madogo, na anadhani kitakuwa changu. Nimekingoja miaka sita. Nilisema ahsante, nikaenda kuhesabu glavu ambazo nilikuwa nimezihesabu asubuhi.

Aprili 5, Ijumaa

Mvua. Kibanda cha fundi kimefungwa, nilipita.

Aprili 8, Jumatatu

Fundi alikuwa mlangoni kabla hatujafungua, kikapu kifuani, koti lake amelifunikia kikapu na yeye amelowa. Kifungo ametapika tangu jana. Leo kuna damu. Daktari alipima, akatikisa kichwa kidogo, akasema parvo.

Tumemweka chumba cha peke yake, dripu mguuni. Mguu wenyewe mwembamba, ilibidi Kidoti aketi naye sakafuni chini ya taa kutafuta mshipa, na aliupata mara ya kwanza. Mimi nilishika chupa ya dripu. Nilikuwa namwonea wivu mikono yake na wakati huohuo naiombea isikosee.

Daktari aliitazama kadi. "Amechanjwa huyu," akasema. Kisha akasema dozi ya kwanza mara nyingine haitoshi, hutokea. Mlango wa kuponyoka ulikuwa wazi mbele yangu, ningepita tu.

Aprili 9, Jumanne

Nimesema.

Asubuhi nilimkuta fundi kwenye benchi. Ameleta kadi, ameifunga ndani ya kitambaa isilowe, anaigeuzageuza. Nikakaa kando yake kumwambia Kifungo yu hai lakini amelegea sana. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Kosa ni langu. Mvua ilipokatika wiki iliyopita nilimtoa nje kidogo, akanywa maji ya dimbwi. Nilijiambia si ameshachanjwa. Wewe ulishafanya kazi yako, Bi Kadi."

Nilivumilia mengi, hilo sikuweza.

"Si wewe, fundi," nikamwambia. "Ni mimi. Siku ile nilimchoma maji matupu."

Hakuelewa. Nikamweleza chupa mbili, ya dawa na ya maji. Akaniwekea kidole kwenye kadi. "Lakini stika hii hapa."

"Niliibandika kabla."

Akauliza swali nililokuwa naliogopa kuliko yote. "Ulijua lini?"

"Siku ileile, jioni."

Hakupaza sauti. Alikunja kadi ndani ya kitambaa chake, akainuka, akaenda kusimama kwenye kioo cha chumba cha Kifungo, akanipa mgongo.

Kisha nikaenda kwa Daktari, nikaiweka ile chupa mezani. Nilikuwa nimetoka nayo nyumbani asubuhi, sijui kwa nini, au najua. Nikaeleza yote, sindano chini ya taulo, hesabu ya chupa, Kidoti. Daktari aliishika chupa muda mrefu. Nikarudia maneno yake mwenyewe, kwamba huenda hata dawa kamili isingetosha.

"Huenda," akasema. "Ingekuwa bahati mbaya. Hii siyo bahati mbaya."

Nitawaita wote thelathini waliobaki warudie, hata kama najua ni mnyama gani aliyekosa dawa. Chumba hakikutajwa na sikukiuliza.

Kidoti alikuwa nyuma, anaosha viatu. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Nyumba ishirini na saba," akasema. "Wiki nzima nilikuwa najiuliza ni mnyama gani nimemuua." Hakuniita mama. Nilichukia neno hilo mwezi mzima, na leo nimelitafuta mwisho wa maneno yake, halikuwepo.

Aprili 10, Jumatano

Simu kumi na mbili. Wawili walinikatia. Kifungo ameinua kichwa mara moja.

Aprili 11, Alhamisi

Kifungo amekufa saa nne asubuhi, kichwa chake kwenye mkono wa Kidoti. Fundi alikuwepo. Daktari akamweleza kwamba mwili lazima tuuzike sisi, kwa ajili ya ugonjwa, na kikapu na vitambaa vyote vichomwe. Mimi nikamwambia asilete mbwa mdogo nyumbani kwake kwa miezi mingi, maana ugonjwa hukaa ardhini. Alisikiliza ushauri wangu mpaka mwisho, kwa adabu. Akaondoka mikono mitupu kwenye manyunyu.

Aprili 20, Jumamosi

Wote thelathini wamerudia. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa kikapu, aliyenihama kwenda kwa Kidoti siku ile na baadaye akarudi kwangu alipoona kunakwenda haraka. Leo alitaka Kidoti. Nilimfungulia mlango.

Mei 2, Alhamisi

Mvua zimepungua. Mume wangu amesema siku hizi namtaja fundi kuliko Kidoti.

Mei 6, Jumatatu

Kumekucha na jua. Seremala amebandika kibao kwenye mlango wa stoo ya zamani, na jina juu yake ni la Kidoti. Nilikisoma nikiingia na nikakisoma nikienda kunawa. Wivu haujaondoka. Nilidhani aibu ingeufukuza, lakini uko palepale, ila sasa nafanya kazi nao. Kadi bado naandika mimi. Kidoti akizidiwa huniita nichanje. Sheria mpya, ambayo Daktari ameiongeza ukutani, ni kwamba mwenye mnyama aonyeshwe chupa zote mbili kabla hazijachanganywa.

Kabla ya saa sita fundi cherehani aliingia. Nilisimama bila kujua nasimama kwa nini. Ndani ya shati lake kulikuwa na paka mdogo wa madoa, aliyejificha mvua chini ya cherehani akakataa kutoka. Parvo ya mbwa haimhusu sana, na fundi alikuwa amekumbuka ushauri wangu. Kidoti akatoka mlangoni kwake, akamkaribisha. Fundi akakitazama kibao, akanitazama mimi kwenye meza ya kadi.

"Wewe huchanji tena?"

"Nachanja nikiitwa, fundi."

Akafikiri. Hakusema ananingoja. Alikaa tu kwenye benchi, paka shatini, wala hakuingia.

Kidoti akatutazama sote wawili. "Mama," akaniambia, "njoo umchanje huyu."

Nilinawa mikono mara mbili. Fundi akasimama karibu sana, miwani ya kazi imeshuka puani.

"Nionyeshe chupa zote mbili," akasema.

Nikamwonyesha. Hii dawa, haya maji. Akaishika ile ya dawa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. Nikavuta, nikachanganya, nikatikisa, nikavuta tena, macho yangu kwenye kazi. Paka akalia kidogo. Nikampa fundi chupa mbili tupu, akazihesabu, moja, mbili.

"Na stika?"

"Stika mwisho."

Akaibandua yeye mwenyewe, polepole, kwa ncha ya ukucha. Akaibandika kwenye kadi sawasawa na mstari, akapitisha kidole gumba juu yake mara mbili kama anayelaza pindo, kisha akanisogezea kadi niandike tarehe.